Ushahidi wa Bi Sauda Juu ya Meno ya Ukoo wa Pono

Nchi ya Kilishe imelala chini ya maji ya pwani, kuanzia mizizi ya mikoko hadi pale mwamba unapokatika ghafla na bahari kuwa nyeusi. Haimo katika ramani, na aliyefika huko hawezi kumwelekeza mwenziwe njia. Bi Sauda Kitwana alifika, na hilo latosha. Wenyeji wake ni samaki, lakini wana mitaa, wana ofisi, wana kamati na wana aibu, hivyo baada ya siku mbili tatu mgeni huyasahau mapezi yao akawaona watu tu.

Bi Sauda hakuwa mtu wa makuu. Kwao alikuwa mfanyakazi wa kituo cha kuchunguza samaki, na kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa moja: kupasua matumbo ya samaki waliokwisha kufa na kuandika walichokula. Wenziwe walimtania kwamba hunuka shombo hata siku ya Idi. Hakujali. Alikuwa akisema kwamba mdomo unaweza kukudanganya, lakini tumbo haliwezi. Sifa hiyo ndiyo iliyomfikisha Kilishe. Serikali ya huko ilikuwa na shauri zito, nayo ilitaka shahidi asiye na ukoo, asiye na mtaa, na asiyetegemea kula chochote katika jambo lenyewe. Walimwita Msoma Matumbo, wakampokea kwa heshima ambayo kwao hakuwahi kuionja.

Sheria ya kwanza ya Kilishe ni fupi: kila mtu atakula kwa mujibu wa meno yake, katika mtaa wa meno yake. Langoni mwa kila mtaa hukaa Afisa wa Vinywa, na kila apitaye hupanua kinywa akakaguliwa. Mwenye midomo laini ya kuchuja hupelekwa Mikokoni, ambako ukoo wa Mkizi hushinda wameinama wakifyonza tope na kuchuja uhai mdogo uliomo. Mwenye meno mafupi ya kukata hupelekwa Majanini, kwa ukoo wa Tafi wanaokula nyasi za bahari. Wenye sharubu, ukoo wa Mkundaji, wako Mchangani. Hao hupapasa mchanga kutwa kutafuta minyoo na vikamba, na nyuma ya kila Mkundaji mmoja hufuata watu wanne watano wasio na sharubu, wakidaka vinavyotimuka. Kwa mujibu wa sheria hawa huitwa Washauri.

Afisa alipomkagua Bi Sauda alikuna kichwa.

"Mgeni huyu ana meno ya kukata, ya kurarua na ya kusaga," alimwambia karani wake. "Mtu wa namna hii hayupo."

Wakamwandikia cheti cha muda cha kutokuwapo, akaruhusiwa kupita.

Siku ya pili walimkaribisha mahakamani akajionee haki ya nchi. Aliyeshtakiwa alikuwa kijana wa ukoo wa Changu. Alipokuwa mdogo aliishi Majanini akila vikamba. Sasa amekua, taya zimemkomaa, naye anataka kuhamia Matumbaweni akavunje kaa, kama walivyofanya baba yake na babu yake. Mashtaka yalisema kwamba ana milo miwili katika uhai mmoja. Waheshimiwa walibishana tangu maji yanaanza kujaa hadi yanaanza kupwa, wakauliza kama kijana huyu ni mtu yule yule au la. Mwishoni waliamua kwamba yule mtoto wa Majanini ahesabiwe amekufa, na huyu mkubwa aamriwe kumwombolezea siku tatu. Kijana akashukuru, akatoka akilia machozi ya kweli. Bi Sauda alicheka kimoyomoyo. Baadaye alitamani asingecheka, maana aliyecheka hujiona yuko salama.

Alipangiwa kulala Matumbaweni, mtaa wenye mahakama na wizara, nyumbani kwa mama mmoja wa ukoo wa Pono aliyeitwa Mama Kokoto. Alikuwa mtu mzima, mpana, rangi ya samawati iliyochanganyika na waridi, na meno yake yalikuwa yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Alikuwa na maneno machache na mkono wa ukarimu. Watu wa ukoo wake walikuwa mia mbili na zaidi, na ndio hasa waliokuwa wanashtakiwa.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kila siku Wapono walitoka pamoja kwenda kuguguna mwamba, na mguguno wao ulisikika mtaa mzima, kwaa, kwaa, kwaa, kama wavunja kokoto. Alama za meno yao zilionekana kila mahali. Ikavuma kwamba wanaitafuna nchi, na Waziri wa Milo akaitia uvumi huo nguvu. Mabango yakabandikwa: MATUMBAWE NI MAMA YETU, NANI ANAMLA MAMA?

"Twende kazini ukaone, Bi mgeni," Mama Kokoto alimwambia asubuhi moja. "Usije ukasimuliwa."

Wakaenda. Bi Sauda akamwona akilichagua jiwe lililokufa, lililovaa mwani kama zulia, akalikwangua toka upande huu hadi ule mpaka likabaki jeupe. Matumbawe yaliyo hai aliyapita, ila mara moja moja jino liliteleza likayagusa. Kisha Mama Kokoto alisogea kando, akajitenga kidogo kwa haya, na nyuma yake ukamwagika mchanga mweupe, laini kama unga.

"Samahani," alisema. "Ndivyo tulivyoumbwa. Mchanga ule wa kule Mchangani, unaolimwa na Wakundaji na Washauri wao, mwingi umepita matumboni mwetu. Hawapendi kukumbushwa."

"Na huo mwani msipoukwangua?"

Mama Kokoto alimwonesha jiwe jeupe alilolikwangua miezi ya nyuma. Juu yake kulikuwa na vidoto vya waridi, vidogo kuliko punje ya mtama. "Hao ni watoto wa matumbawe. Wanatafuta mahali pa kukaa. Penye mwani hawakai, na wakubwa wao mwani huwafunika mpaka pumzi ikawaishia. Lakini hili si la kusimuliwa, mtu akitazama tu analiona."

"Basi mbona Waziri halioni?"

Mama Kokoto alielekeza pezi kando. Jiwe walilokuwa wamesimama juu yake lilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa pango kubwa la Waziri, lenye giza na bendera.

"Waziri anatuona sisi," alijibu. "Kwake ndiyo shida. Watu wote wa nchi hii wakipita mlango ule huinamisha macho, ndiyo adabu. Sisi kazi yetu iko hapa hapa mlangoni, na mtu hawezi kukwangua jiwe amefumba macho. Tunaona nani anaingia na nani hatoki. Hatujasema kitu, mwanangu. Lakini tumeona, na yeye anajua."

Siku ya tatu baada ya hapo Waziri wa Milo alimwalika Bi Sauda chakula. Aliitwa Mheshimiwa Makombo, wa ukoo wa Chewa. Jina hilo alilipenda mwenyewe, maana lilikuwa likiwakumbusha raia kwamba yeye hula mabaki tu. Alikuwa mnene, ana madoa, ametulia kama sehemu ya ukuta, na kinywa chake kilikaa wazi kidogo wakati wote. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko zote alizozisikia huko.

"Bi Sauda, sisi tumechoka na maneno," alisema. "Kila mtu ana maoni. Wewe una elimu. Tunataka useme ulichokikuta huko kwenu tumboni mwa Wapono, basi. Maana ya jambo tuachie sisi tunaoishi hapa."

Pembeni alisimama karani wa ukoo wa Dagaa, mwembamba, wa rangi ya fedha, ameshika daftari, akiandika kila neno. Mheshimiwa aliendelea kuzungumza habari za wadhifa mpya anaofikiria kuuanzisha, Msoma Matumbo Mkuu wa Taifa, wenye nyumba yake na kiti chake katika Baraza. Katikati ya sentensi alisita. Wote waliokuwamo pangoni wakainamisha macho kwa pamoja, kama watu wanaoitikia dua. Bi Sauda, kwa kutotaka kuonekana hana adabu, akainamisha yake. Maji yalitikisika kidogo. Alipoinua uso, daftari lilikuwa linashuka polepole kuelekea sakafuni, wala hapakuwa na aliyelishika.

"Karani amekwenda wapi?" aliuliza.

"Karani gani?" alijibu Mheshimiwa Makombo, na sauti yake bado ilikuwa ya upole. "Tafadhali, endelea kula."

Bi Sauda akaendelea kula.

Baraza lilijaa siku ya ushahidi. Mitaa yote ilileta wajumbe. Ukoo wa Pono walikalishwa upande wa kushoto, na Mama Kokoto alikuwa safu ya tatu. Spika, mzee wa ukoo wa Kaa ambaye hakuwahi kujibu swali kwa kwenda mbele, alimwapisha Bi Sauda kwa tumbo lake mwenyewe.

"Umesoma matumbo mangapi ya Pono?"

"Mia nne na kitu, Mheshimiwa Spika."

"Humo ulikuta nini?"

"Mawe," alisema Bi Sauda. "Mawe yaliyosagwa. Na mwani."

"Kipi kilikuwa kingi zaidi?"

"Kwa uzito, mawe."

Ukumbi ukavuma. Mawe! Kumbe kweli! Mtu mmoja wa Washauri alisimama akapiga mapezi. Spika akagonga meza mpaka pakatulia, na hapo, kwa kuwa kanuni zilimtaka afanye hivyo, akauliza:

"Shahidi ana la kuongeza?"

Analo, analijua. Anajua kwamba mtu anayekwangua sufuria hula na masizi, wala hajaila sufuria. Anajua kuhusu jiwe jeupe na vile vidoto vya waridi. Aliinua uso, akamwona Mheshimiwa Makombo ameketi mbele, ametulia, kinywa wazi kidogo. Nyuma yake walijipanga makarani wa Dagaa, safu kwa safu, na palipokuwa pa yule mmoja palikwisha kuzibwa na mwingine. Alikiona na kile kiti kipya pembeni, ambacho hakijakaliwa na mtu.

"Sina," alisema Bi Sauda.

Neno moja. Baadaye alijaribu mara nyingi kulipima, lilichukua muda gani kutoka, na kama pumzi ile ile isingetosha neno jingine.

Siku ya nne baada ya ushahidi ukoo wa Pono uliamriwa kuhamia Ukingoni, kule mwamba unakokatika. Huko chini ni mchanga mtupu na juu ni maji matupu ambamo ukoo wa Kolekole huwinda kwa makundi. Waliondoka wakiwa wamebeba watoto kinyumenyume ili wasiangalie nyumba zao. Bi Sauda alisimama njiani. Alitaka Mama Kokoto amtukane, ingekuwa nafuu.

"Mama, walinitaka niseme nilichokikuta tu. Nami sikusema uongo."

"Hukusema uongo," Mama Kokoto alikubali. "Lakini aliuliza kama una la kuongeza, ukasema huna. Nilikuwa safu ya tatu, nilisikia vizuri. Wajibu wangu ulikuwa kukupa mahali pa kulala, nami nilikupa. Kaa salama, Bi mgeni."

Hakumwita tena mwanangu.

Mwanzoni watu wa Matumbaweni walifurahi. Pakawa kimya, hakuna kwaa kwaa. Mwezi uliofuata mwamba ukaanza kubadilika rangi, na Wizara ikatangaza kwamba hiyo ni Kijani cha Taifa, dalili ya neema. Pakafanyika gwaride. Mwezi wa pili mwani ulifika magotini mwa matumbawe, wa tatu ukafika shingoni. Watu wa ukoo wa Tafi, ambao wanajua kula majani, walikuja langoni wakajitolea kusaidia. Afisa wa Vinywa aliwakagua, akaona meno yao yameandikishwa Majanini, akawarudisha. Wakizi nao walileta habari kwamba tope lao linaanza kunuka. Wakaambiwa tope ni kazi yao wenyewe.

Bi Sauda alikuwa amekaa katika kiti chake kipya. Aliandika barua ya kwanza kwa Wizara, na ya pili, na ya tatu. Majibu yalikuja kwa adabu. Yalisema kwamba ushahidi wake umo katika kumbukumbu za Baraza, nao unaheshimiwa sana, na kwamba Serikali haiwezi kuruhusu mtu yeyote aukanushe, hata mwenyewe aliyeutoa.

Matumbawe yakaanza kufa, kwanza ncha, kisha matawi. Yalipobomoka, mianya ambamo watu wadogo walijificha ikatoweka. Mheshimiwa Makombo akanenepa sana msimu ule. Watu waliinamisha macho mara nne kwa siku, mara tano, mpaka wengine wakawa hawayainui tena. Halafu, kwa kuwa waliokuwa wakiingia walikwisha, akaanza kukonda. Siku moja alikutwa ameondoka. Ilisemekana amehamia nchi nyingine kushauri juu ya milo. Pango lake lilibaki na bendera.

Ndipo Bi Sauda aliposimama Barazani bila kuitwa. Viti vilikuwa zaidi ya nusu vitupu. Akasema yote: jiwe, mwani, vidoto vya waridi, mchanga, karani na daftari lake. Akasema na sababu iliyomfanya anyamaze siku ile, hofu yake na kiti chake, asifiche hata moja. Ilimchukua muda mfupi kuliko alivyoogopa. Hakuna aliyempinga. Spika akauliza kama kuna la kuongeza, hapakuwa na la kuongeza, na hukumu ikafutwa wajumbe wakipiga miayo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mlango alioogopa kuusukuma ulikuwa mwepesi kiasi kile.

Alikwenda Ukingoni mwenyewe kupeleka habari. Alikuta Wapono tisa.

Mama Kokoto alikuwa miongoni mwao, lakini hakumtambua mara moja. Rangi ilikuwa imemtoka, na uso ulikuwa umegeuka. Meno ya ukoo wa Pono hukua maisha yote, jiwe ndilo linaloyapunguza, na Ukingoni hapana jiwe. Yalikuwa yamerefuka, yamepishana, yameufunga mdomo kama kufuli. Alikuwa akiishi kwa kuvuta maji penye upenyo na kuchuja kilichomo, kazi ambayo kinywa chake hakikuumbiwa.

"Mama, hukumu imefutwa," Bi Sauda alisema. "Nimesema yote. Rudini nyumbani."

Mama Kokoto alimtazama. Aligeuka polepole akaanza kuogelea kuelekea nyumbani, na wale wanane wakamfuata. Bi Sauda akafuata nyuma yao wote.

Nyumbani palikuwa hapatambulikani. Mama Kokoto alilitafuta jiwe lake, akalipata kwa kupapasa chini ya mwani, akaweka uso wake juu yake, akajaribu. Meno yaliteleza. Akajaribu tena. Mara ya tatu alikaa kando, akafumba macho.

Bi Sauda aliokota kokoto yenye makali. Aliketi mbele yake, akamwomba ruhusa kwa macho, akaanza kuyasugua yale meno. Ilikuwa kazi ya siku kumi na moja, na wale wanane nao wakaiga, wakasuguana wao kwa wao. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameshika samaki wasioumia, na sasa kila akikosea mkono, mwili ulio hai ulishtuka mikononi mwake. Baraza lilituma mtu kumwuliza kama bado anakihitaji kile kiti. Hakusimama kumjibu.

Siku ya kumi na moja mdomo ulifunguka. Mama Kokoto alichezesha taya, akaenda kwenye jiwe, akauma. Kwaa. Damu kidogo ilitoka penye fizi. Akauma tena. Aliendelea taratibu, akipumzika kila baada ya kuuma mara mbili, na Bi Sauda alikuwa kando yake, akiung'oa mwani mrefu kwa vidole ili ampunguzie kazi. Waliendelea hivyo mpaka maji yalipoanza kupwa.

"Hapo umeacha mizizi," alisema Mama Kokoto. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Ukingoni, na yalitoka mazito, kama ya mtu aliyesahau lugha. "Ukiacha mizizi, kesho mwani unarudi."

"Ndiyo, Mama."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Watoto wangu walikuwa sita," alisema Mama Kokoto, akalirudia jiwe.

Bi Sauda aling'oa ile mizizi. Mahali walipokwangua siku nzima, wawili wao, palienea kiasi cha sinia moja la wali. Ng'ambo ya hapo mwani ulikuwa ukiyumba, mtaa baada ya mtaa, mpaka macho yanachoka, na kule mbali zilisikika kwaa nyingine nane, zimeachana sana.